UZI: Kisanduku cha "jinsia" kwa data kinafanya kazi gani?

1/ Wasee, kila mjadala wa usawa wa kijinsia ukianza, mmoja husema "futeni hiyo swali kwa fomu, watu ni watu." Mwingine anajibu "ni wawili tu, hakuna stori." Wote wameruka swali la kwanza: hicho kisanduku kiko hapo kwa nini? Tuanze na filamu, mahali hakuna kura ya mtu.

2/ Ukipakua faili ambazo IMDb hutoa kwa umma, hupati kisanduku cha jinsia. Unapata kazi ya mtu: "actor" ama "actress". Kwa hivyo tunajua Lupita Nyong'o ni mwanamke kwa sababu ya jina la kazi yake tu.

3/ Sasa angalia nyuma ya kamera. Wanuri Kahiu aliongoza Rafiki (2018). Hapo kazi ni "director", neno lisilo na jinsia. Ukitaka kuhesabu waigizaji wa kike, faili inakusaidia. Ukitaka kujua wanawake wangapi wanapewa filamu kuongoza, faili iko kimya.

4/ TMDB, hifadhi nyingine ya filamu, inatumia namba. 1 ni mwanamke, 2 ni mwanaume, 3 ni mtu asiyejitambulisha kama mmoja wa hao wawili, 0 haijajazwa. Cheki tofauti ya 0 na 3: "hatujui" si sawa na "si mmoja wa hao." Na wanaojaza ni watumiaji wa kawaida, si lazima mwenyewe.

5/ Kwa Kiswahili, mwigizaji ni mwigizaji, na "yeye" ni yeyote. Jinsia inaingia tu mtu akiamua kuuliza. Na anayeuliza ndiye anachagua majibu yatakayokubaliwa.

6/ Hapo ndipo siasa inaingia. Sensa ya Agosti 2019 iliongeza jibu la tatu: huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoingia wazi kwa kiume ama kike. Kati ya Wakenya 47,564,296, walihesabiwa 1,524. Sensa ya 2009 haikuwa na jibu hilo. Hawa watu hawakuanza kuzaliwa 2019. Ni fomu iliyobadilika.

7/ Kukosa nafasi kwa fomu si mchezo. Desemba 2014 Mahakama Kuu iliamua kesi ya Mtoto A, ambaye karatasi zake za hospitali ziliwekwa alama ya kuuliza mahali pa jinsia. Korti iliitaka serikali ieleze sheria ya watu kama yeye imefika wapi. Sheria ya Watoto ya 2022 sasa inamtambua mtoto huntha.

8/ Mwaka huo huo wa 2014, Oktoba, korti iliagiza KNEC impe Audrey Mbugua cheti cha KCSE chenye jina lake jipya na bila alama ya jinsia. Ukifikiria, cheti cha KCSE kinathibitisha gredi. Jinsia haiongezi pointi.

9/ Basi tufute kila mahali? Hapana. Katiba ya 2010, ibara ya 81(b), inasema si zaidi ya thuluthi mbili ya wanachama wa chombo cha kuchaguliwa wawe wa jinsia moja. Bila kuandika jinsia, utajuaje sheria imevunjwa? Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo alishauri Bunge livunjwe kwa kutotunga sheria ya kutekeleza kanuni hiyo. Ukifuta kisanduku, anayefurahi zaidi ni yule hataki kuhesabiwa.

10/ Kwa hivyo mtu akianza hii debate, muulize mambo matatu:
– Hii data ni ya kazi gani? Bunge inahitaji, cheti cha gredi hakihitaji.
– Nani anajaza? Mwenyewe, ama mtu anayemwangalia uso?
– Ikiandikwa vibaya, inarekebishwa wapi?

11/ Akishindwa kujibu la kwanza, hajui anachotetea, awe upande gani. Na sensa ijayo karani akibisha mlango Umoja ama Kayole, usimjibie jirani wala binamu yako. Mwache ajibu mwenyewe.