Kombolela Nayo ni Somo

Katika familia nyingi za parokia zetu mtoto anayerudi jioni na vumbi hadi masikioni hupokewa kwa swali moja: "Kazi za shule umefanya?" Swali hilo ni halali. Ila ni mara chache mzazi huuliza alikuwa anacheza nini, na nani, na ugomvi uliisha vipi. Mwezi huu tulitazame hilo la pili, maana linagusa afya ya mtoto kuliko tunavyodhani.

Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitaja stadi kumi za maisha ambazo shule zingepaswa kuwafundisha watoto. Miongoni mwake zimo kufanya uamuzi, kutatua tatizo, kuwasiliana vizuri, kujitambua, kuwahurumia wengine, na kuzimudu hasira na hofu. Mambo haya hayanakiliwi ubaoni yakaingia. Mtoto anaweza kuandika neno "huruma" bila kosa na bado akamcheka mwenzake aliyeanguka.

Chukua kombolela, mchezo tuliocheza wengi wetu. Wenzake wote wamekamatwa, amebaki mmoja nyuma ya mti. Atoke sasa au asubiri? Akiwahi kulipiga kopo, amewakomboa wote. Akichelewa, wote wameshindwa kwa ajili yake. Tazama mambo anayoyapima mtoto wa miaka tisa kwa dakika moja! Katika rede nako haiishi mabishano ya "umepigwa" na "sijapigwa". Mtu mzima asikimbilie kuamua. Waacheni wasuluhishane, maana hapo ndipo somo lilipo.

Huko Nairobi, katika mitaa ya mabanda ya Mathare, mwaka 1987 kilianzishwa chama cha michezo cha vijana kiitwacho MYSA. Vijana walikuwa na mpira, lakini walizungukwa na takataka na mifereji iliyoziba, na watoto waliugua kwa uchafu huo. Chama kikaweka sharti ambalo mimi binafsi nalipenda sana: timu inayotoka kusafisha mtaa hupata alama za ziada katika ligi. Kwa hiyo haikutosha kufunga mabao. Nahodha alilazimika kuwashawishi wenzake washike majembe na mikokoteni, na asiyefika aliiumiza timu nzima. Baadaye wasichana nao wakaingia uwanjani, na elimu ya UKIMWI ikatolewa na vijana wenyewe kwa vijana wenzao. Timu iliyotokana na chama hicho, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Kwetu Tanzania, mwaka 2001 ilianzishwa EMIMA jijini Dar es Salaam, yaani Elimu, Michezo na Mazoezi, kwa njia inayofanana na hiyo.

Sisi wa Hedaru, chini ya milima ya Upare, tuna mwalimu wetu: ndiva. Wazee walijenga mabwawa hayo ili maji yajikusanye usiku na kufunguliwa mchana kwenda mashambani kwa zamu, na matengenezo yalifanywa kwa msaragambo. Mwalimu akiwapeleka wanafunzi wakamsikilize mzee mmoja akieleza zamu hizo, kisha wakirudi shuleni awagawe makundi manne. Kila kundi lina tuta lake la mchicha, na wote wana ndoo moja tu ya maji na makopo yaliyotoboka. Wapangane wenyewe. Watacheka, watalowana, watagombana, na kabla ya kengele watakuwa wametunga sheria.

Lakini wasiingie kucheza ndani ya ndiva wala katika mifereji ya maji yaliyotulia. Licha ya hatari ya kuzama, maji ya namna hiyo yakiwa na konokono wanaobeba kichocho, vijidudu hupenya kwenye ngozi. Mtoto akikojoa damu apelekwe zahanati bila kusubiri. Jua la tambarare nalo si la mchezo: michezo ya kukimbia iwe asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, na maji ya kunywa yawepo. Uwanja uwe mbali na barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha. Haya tumeyasema mara nyingi, lakini hayachuji.

Jambo moja linauma. Saa ya mchezo ikifika, mvulana huenda uwanjani na dada yake hupewa ndoo. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili kwa wastani wa angalau dakika 60 kwa siku, na halikutenga wasichana. Baba na mama, gaweni kazi upya. Msichana aliyezoea kusema kwa sauti "sijapigwa!" mbele ya kundi zima, huenda akapata sauti hiyo hiyo siku mtu mzima atakapomwita pembeni na kumpa lifti ya pikipiki.

Mchezo ukiisha, wakae kivulini dakika kumi. Mwalimu au katekista aulize: Ni nini kilitokea? Ulijisikiaje? Ni wapi nyumbani mambo huwa hivyo? Asiyetaka kusema asilazimishwe. Wengine huanza kusimulia wakiwa njiani kurudi nyumbani, kwa hiyo mzazi uliyemfuata mtoto, usitangulie mbele sana.