Chura wa Kihansi na maji aliyopokonywa

Mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza juu ya Korongo la Kihansi, kusini mwa Milima ya Udzungwa nchini Tanzania, watafiti waliokuwa wakichunguza viumbe wa korongoni walikuta chura mdogo wa manjano ambaye sayansi haikuwa na habari naye. Jike mzima hafiki sentimita tatu, na dume ni mdogo zaidi. Hakuwapo juu mlimani wala chini bondeni. Alikuwa pale tu maporomoko yanapopiga mwamba na kutawanya manyunyu, akikaa juu ya majani mafupi yaliyolowa usiku na mchana, masika na kiangazi. Ukiunganisha vipande vyote vya makazi yake unapata hekta mbili hivi, kama viwanja vitatu vya mpira. Kwingine duniani hajawahi kupatikana.

Mwaka 1999 alipewa jina la kisayansi, Nectophrynoides asperginis, na mambo yake yakaanza kujulikana. Hatagi mayai kama vyura wengi tuliowazoea. Anazaa. Vitoto hutoka tumboni vikiwa vyura kamili vyenye urefu wa milimita chache, bila kupita majini kama viluwiluwi. Kwenye korongo la mteremko mkali, ambako maji yanasomba kila kitu, ni rahisi kuona faida yake. Ngozi yake ni nyembamba, hupitisha hewa na maji, na kwa sababu hiyo huhitaji unyevu wakati wote. Manyunyu yale yalikuwa uhai wake.

Tanzania nayo ilikuwa na shida yake. Wanaokumbuka miaka ya 1990 wanakumbuka mgao wa umeme: viwanda vimesimama, nyumba giza, mashine za kusaga zimenyamaza. Kihansi ilionekana kuwa jibu la bei nafuu. Mto unashuka zaidi ya mita 800 katika umbali mfupi, kwa hiyo bwawa dogo tu lilitosha kuzalisha megawati 180. Maji yangechukuliwa juu ya maporomoko, yapitishwe kwenye handaki ndani ya mwamba hadi kwenye mitambo, kisha yarudi mtoni huko chini. Msitu mkubwa haukufyekwa. Kwa mizani ya kawaida ya mazingira, mradi huu ulikuwa miongoni mwa miradi yenye madhara madogo.

Mitambo ilipoanza kazi, korongo lilipoteza takriban sehemu tisa kati ya kumi za maji yake. Manyunyu yakakoma karibu kabisa. Miti ilibaki imesimama, lakini chini yake mimea midogo iliyozoea kulowa ilikauka, na magugu ya sehemu kavu yakapanda kuchukua nafasi. Vyura wakabanana kwenye vipande vichache vilivyobaki na unyevu.

Hatua mbili zilichukuliwa haraka. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa na kupelekwa Bronx Zoo, New York. Na korongoni yakatandazwa mabomba yenye vinyunyizio ili kuiga kazi iliyokuwa ikifanywa na maporomoko. Habari kwamba vyura wamepandishwa ndege kwenda Marekani iliwakera wengi nyumbani, na bado utasikia watu wakiuliza kwa nini fedha zitumike kwa chura wakati zahanati haina dawa. Swali hilo ni la haki na halistahili kubezwa. Jibu langu ni kwamba gharama hiyo ilitokana na kuchelewa. Kama korongo lingechunguzwa vizuri kabla ya kuchora ramani za mradi, kiwango cha maji ya kuachiwa mto kingepangwa mapema, pamoja na hesabu za umeme wenyewe.

Vinyunyizio vilisaidia. Kufikia katikati ya mwaka 2003 idadi ya vyura ilikuwa imepanda tena hadi maelfu. Halafu, ndani ya miezi michache, wakaporomoka. Mapema mwaka 2004 walionekana wachache wa kuhesabika kwa vidole, na hatimaye hakuna. Vyura waliokufa walikutwa na kuvu aina ya kitridi, inayoleta ugonjwa wa ngozi ulioangamiza vyura Australia, Amerika ya Kati na kwingineko. Wapo pia walioshuku matope yenye viuatilifu yaliyotoka bwawani milango ilipofunguliwa. Ninachokiona hapa ni jinsi maafa yanavyofuatana: kiumbe aliyekwisha kubanwa kwenye kipande kidogo hana pa kukimbilia ugonjwa unapoingia. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza kwamba ametoweka porini.

Kisa hiki kinatusaidia kuelewa misitu ya mvua ya kitropiki kwa jumla. Tumezoea kuhesabu hekta zilizofyekwa, na hesabu hiyo ni ya lazima, kwani Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, imepoteza zaidi ya theluthi mbili ya msitu wake wa asili. Lakini hekta hazisemi yote. Kwa mamilioni ya miaka, sehemu kubwa ya Afrika ilipokuwa ikikauka, pepo za Bahari ya Hindi ziliendelea kuleta mvua na ukungu kwenye milima hii. Viumbe waliokufa kwingine walisalimika hapa, na kwa kuwa kila mlima umetengwa na mwingine na nyika kavu, kila mmoja ukapata viumbe wake. Katika korongo hilohilo la Kihansi kuna mbuni wa porini, yaani mti wa kahawa, Coffea kihansiensis, usiojulikana kwingine. Nyani aina ya mangabei wa Sanje, aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 1979 tu, yuko Udzungwa peke yake. Kwenye misitu ya namna hii unaweza kupoteza sehemu ndogo sana ya eneo na ukawa umemaliza kiumbe kizima, bila hata shoka kugusa mti. Katika msitu wa Uzungwa Scarp mitego ya nyaya imepunguza wanyama vibaya huku picha ya setilaiti ikiendelea kuonyesha kijani kilekile.

Vyura waliopelekwa Marekani nao walipukutika mwanzoni, wakabaki chini ya mia moja, mpaka watunzaji wa bustani za wanyama za Bronx na Toledo walipojifunza mwanga, chakula na unyevu unaowafaa. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirudishwa na kutunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 maelfu wameachiwa korongoni. Wanaishi chini ya vinyunyizio. Bomba likiziba, lazima mtu apande kulizibua, na kuvu bado ipo.

Kazi kubwa iliyobaki iko juu zaidi, mto unakoanzia. Kwenye nyanda za Iringa wakulima hulima vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazotegemea unyevu wa kiangazi. Ndiko wanakopata mboga, mahindi mabichi na ada ya shule. Mabonde hayo yakilimwa hadi kwenye chemchemi na miti ya kandokando ikikatwa, maji hupungua bwawani miezi ileile ambayo mitambo inayahitaji zaidi na korongo limekauka zaidi. Mkulima anayeombwa kuacha mita kadhaa za kingo anaombwa kupoteza kipato halisi, na umeme unaopita juu ya shamba lake mara nyingi haufiki nyumbani kwake. Sehemu ya mapato ya umeme huo ingepaswa kurudi kwake, kwa mkataba unaoeleweka, kila mwaka anaoacha kingo za mto zikiwa na miti.