Lori Tupu Si Gari Dogo: Aina ya Gari na Mwendo Unaoruhusiwa

Msimu wa machungwa unapowadia wilayani Muheza, barabara iendayo Segera hujaa magari ya kila namna: malori makubwa yenye tela, malori ya tani saba, yale madogo ya Canter, hata pikapu zilizoinuliwa ubavu kwa mbao. Shehena ni ile ile, tunda lisilongoja. Na kwa kuwa shehena ni ile ile, madereva wengi, pamoja na makatibu wa vyama wanaowatuma, hudhani kwamba mwendo unaoruhusiwa nao ni ule ule kwa wote. Sivyo ilivyo. Sheria hutazama kwanza gari ni la aina gani, ndipo itaje mwendo.

Sheria ya Usalama Barabarani, Na. 30 ya mwaka 1973, iliweka mipaka miwili ambayo yafaa kila chama chenye gari, au chenye kukodi gari, kiijue. Mpaka wa kwanza haubagui. Katika eneo la makazi, hakuna gari linaloruhusiwa kupita kilometa 50 kwa saa, liwe lori la chama au gari la mkubwa wa mkoa. Mpaka wa pili ndio wenye kubagua. Nje ya makazi, lori lenye uzito wa jumla unaozidi kilo 3,500, na kadhalika basi la abiria, lilipewa kikomo cha kilometa 80 kwa saa. Gari dogo la binafsi halikutajiwa tarakimu na sheria hiyo nje ya makazi; dereva wake hufungwa na vibao vya barabarani na wajibu wa kutoendesha kwa hatari. Kwa hiyo dereva wa lori anayepitwa na gari dogo kati ya Kabuku na Mkata asidhani kwamba naye ameruhusiwa kulifuata. Tena, penye kibao chenye tarakimu iliyo chini ya hizo, kibao ndicho kinachofuatwa.

Kilo 3,500 si hesabu iliyobuniwa Dar es Salaam. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani uliofanywa Geneva mwaka 1949 ulitumia uzito huo huo kutenga leseni ya gari dogo na leseni ya gari kubwa, na mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 ukafanya vivyo hivyo.

Kosa la vyama huanzia kwenye maneno mawili, "uzito wa jumla". Aghalabu mtu akiulizwa gari la chama lina uzito gani hujibu, "Ni la tani tatu." Hizo tani tatu ni za mzigo tu. Uzito wa jumla ni gari lenyewe pamoja na mzigo linaoruhusiwa kubeba. Kwa mfano, lori dogo ambalo likiwa tupu lina kilo 2,600, na linaruhusiwa kubeba kilo 3,000, uzito wake wa jumla ni kilo 5,600. Gari hilo limekwisha kuupita mstari wa kilo 3,500 kwa mbali, ingawa mitaani huitwa gari dogo na dereva wake huliendesha kana kwamba ni teksi. Pikapu ya kawaida, kinyume chake, mara nyingi hubaki chini ya mstari. Hapana haja ya kubahatisha, kwani kadi ya gari huonyesha uzito wa gari tupu na uzito wa jumla.

Wapo wasemao kwamba lori likirudi tupu kutoka Dar es Salaam huwa limegeuka gari dogo. Hoja hiyo inapendeza masikioni, lakini haina msingi. Aina ya gari hufuata kile lilichoandikishwa kubeba, wala haibadiliki kila linaposhusha magunia. Na kwa kweli lori tupu lina hatari yake: magurudumu ya nyuma hukosa mzigo wa kuyakandamiza, hivyo breki ikikanyagwa ghafla juu ya lami yenye maji huteleza upesi.

Vyama vinavyopeleka matunda Kenya kwa njia ya Horohoro vina jambo jingine la kuangalia. Kanuni za Kenya zilizotolewa mwaka 2003 na kuanza kutumika Februari 2004 ziliyataka magari ya abiria na magari ya biashara mazito yafungwe kidhibiti mwendo kisichozidi kilometa 80. Tarakimu ya mwendo ni sawa na ya kwetu, ila mizani ni nyingine: kanuni hizo zilipima uzito wa gari likiwa tupu, na mstari uliwekwa kwenye kilo 3,048. Lori lile la kilo 2,600 lisingeguswa na mstari huo wa Kenya, na hapa nyumbani ni gari zito. Dereva aliyezoea safari za Mombasa asirudi na desturi za huko.

Sababu ya ubaguzi huu si kuwaonea wenye malori. Gari likienda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Likienda 100 hupita mita 28, na dereva bado hajakanyaga breki. Nguvu ambayo breki zapaswa kuimeza huongezeka zaidi ya mara moja na nusu kati ya mwendo huo na huu, na kila tani ya mzigo huongeza juu yake. Wateremkao na shehena kutoka Amani wanajua breki iliyopata moto inavyokuwa. Robota moja la mkonge lina kilo 250, nayo yakipakiwa kumi ni tani mbili na nusu zinazotaka kuendelea mbele wakati gari limekwisha kusimama.

Mara nyingi mwendo huu hupangwa ofisini kabla ya dereva kushika usukani. Katibu huamuru mzigo uondoke jioni na ufike sokoni kabla ya alfajiri, asiulize njia ina vijiji vingapi. Faida ya kukimbia kilometa 100 badala ya 80 ni dakika 15 katika kila kilometa 100, tena iwapo barabara ni tupu toka mwanzo hadi mwisho. Na toka Muheza hadi Chalinze makazi ni mengi, ambamo wote wanapaswa kushuka hadi 50. Dakika hizo zingepatikana kwa kuanza kupakia mapema mchana.

Aina ya gari hufuata pia kazi linayofanya. Kuendesha lori zito hutaka leseni ya daraja E, na gari la abiria daraja C. Chama kinapowapandisha wanachama juu ya magunia kuwapeleka kwenye mkutano mkuu, lori halipati kwa hilo sifa ya basi, wala dereva hapati leseni asiyokuwa nayo. Hati ya bima nayo hutaja gari limekatiwa kwa matumizi gani, na katibu aisome kabla watu hawajapanda.