Mtoto anajua jibu, kinachomkwamisha ni neno la swali

Mtoto wa kidato cha kwanza anarudi nyumbani na karatasi ya jaribio la Jiografia. Swali lilisema: "Explain three causes of soil erosion." Ameandika ukataji wa miti, mifugo kupita kiasi na kilimo cha kwenye miteremko. Yote matatu ni sahihi, lakini amepata nusu tu ya alama.

Mama yake akimuuliza, anaeleza vizuri kwa Kiswahili namna mvua inavyosomba udongo ulioachwa bila miti. Somo analijua. Tatizo ni neno la kwanza la swali: alidhani "explain" ni sawa na "mention". La pili linataka ataje tu, la kwanza linataka aeleze sababu na namna jambo linavyotokea.

Watoto wengi nchini hupitia hali hiyo. Katika shule nyingi za msingi za Serikali masomo hufundishwa kwa Kiswahili, kisha kuanzia kidato cha kwanza Hisabati, Biolojia na mengine hugeuka kuwa ya Kiingereza. Asiyejua maneno huanza kuonekana mzito, na baada ya muda huamini mwenyewe kwamba hana akili.

Kukariri orodha ya maneno na tafsiri zake hakutoshi, kwa sababu maneno ya lugha mbili hayalingani moja kwa moja. Kiswahili kina "mguu" kuanzia pajani hadi vidoleni, lakini Kiingereza kina "leg" na "foot". Mkono una "arm" na "hand". Kidole cha mkononi ni "finger", cha mguuni ni "toe". Mtoto aliyekariri kwamba "foot" ni mguu anaweza kuonyesha goti kwenye mchoro wa Biolojia.

Vivyo hivyo, Mswahili anaweza kusikia sauti, njaa, baridi na hata harufu. Kwa Kiingereza, "hear" ni kwa sauti tu. Mwenye njaa husema "I am hungry", na anayenusa kitu hutumia "smell".

Neno "azima" nalo huwachanganya wengi. Anayechukua kalamu ya mwenzake kwa muda anafanya "borrow", anayeitoa anafanya "lend". Mtoto akisema "borrow me your pen", amechanganya anayetoa na anayepokea.

Yapo pia maneno yaliyotoka kwenye Kiingereza yakabadilika maana yalipofika kwetu. Trafiki ni askari wa barabarani, lakini "traffic" ni magari yanayopita barabarani. Hotelini watu wengi huenda kula chapati na chai, ilhali "hotel" ni mahali pa kulala wageni.

Mzazi asiyejua Kiingereza bado anaweza kusaidia. Kwanza, mtoto awe na daftari dogo la maneno. Kila neno liandikwe na maana yake, kisha sentensi aliyoitunga mwenyewe kuhusu mambo ya nyumbani. Sentensi ndiyo inayoonyesha kama ameelewa.

Pili, mzazi aulize kwa Kiswahili: "Neno hili lina tofauti gani na lile la jana?" Mtoto akishindwa kueleza, aweke alama na kumuuliza mwalimu kesho yake.

Tatu, yaanze maneno ya maswali: "define" ni toa maana, "list" ni orodhesha, "describe" ni elezea kitu kilivyo, "differentiate" ni tofautisha. Ni machache, lakini hurudi katika karibu kila somo.

Nne, kidogo kidogo kila siku. Mwaka 1953 Michael West, mtaalamu wa kufundisha Kiingereza, alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi. Kwa maneno matano kwa siku, idadi hiyo hukamilika kwa siku 400, yaani mwaka mmoja na zaidi ya mwezi. Ya wiki iliyopita yarudiwe kila Jumapili, la sivyo yatasahaulika.

Jambo la mwisho ni kutomcheka. Mtoto anayechekwa kwa kusema "I hear cold" hujifunza kunyamaza, na anayenyamaza darasani hakosolewi wala hasaidiwi. Tena asikatazwe Kiswahili nyumbani kwa kisingizio cha kujifunza Kiingereza. Mtoto aliyeeleza mmomonyoko wa udongo vizuri kwa lugha yake ameshafanya sehemu ngumu ya kazi. Kilichobaki ni maneno, na maneno hufundishika.

Karatasi nyingine ikirudi na alama ndogo, kabla ya kumkaripia mtoto, mzazi amwombe kwanza aeleze kwa Kiswahili swali lilitaka nini.