Kampeni ya barua pepe

Kampeni ya barua pepe ni mfululizo wa barua za biashara zinazotumwa kwa watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti, ili wanunue bidhaa au waendelee kumkumbuka muuzaji. Ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilitumwa tarehe 3 Mei 1978, wakati Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani alipotangaza kompyuta kwa watumiaji wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET. Wengi walilalamika, kwa kuwa hawakuombwa ruhusa.

Mfano wa korosho

Katika wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, zao kuu la biashara ni korosho. Korosho ghafi hupitia vyama vya msingi na kuuzwa kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mwaka 2007. Vyama vikuu ni MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala na Tandahimba. Hapo mkulima hana haja ya kumwandikia mnunuzi, na habari za mnada humfikia vizuri zaidi kwa simu au katika mkutano wa chama.

Barua pepe humfaa zaidi anayebangua. Mteja wake ni duka, hoteli au mwagizaji aliye mbali, anayetaka maelezo ya kuwaonyesha wenzake kabla ya kuagiza. Huyo hutazama kwanza kichwa cha barua. "Ofa kabambe!" hakimwambii kitu. "Korosho W320, katoni 40, ziko Newala" kinamwambia daraja, kiasi na mahali. W320 ni korosho nyeupe nzima zisizozidi 320 kwa ratili moja, na katoni ya kawaida ya kusafirishia hubeba kilo 22.68. Ndani ya barua zatosha bei, msimu wa mavuno na picha moja.

Wakati nao una uzito. Msimu wa mauzo hufunguliwa kwa kawaida mwezi Oktoba, lakini duka la Ulaya huagiza bidhaa za Krismasi miezi kadhaa kabla. Anayesubiri mavuno mapya ndipo aandike amechelewa.

Orodha na ruhusa

Orodha ya anwani iliyonunuliwa ni hasara. Wapokeaji wakiziita barua hizo barua taka, hata zile zinazotumwa kwa wateja wa zamani huanza kuzuiwa, na muuzaji mdogo hana jina jingine la kuanzia upya. Mwaka 2024 Google na Yahoo zilianza kuwadai watumaji wa barua nyingi wathibitishe anwani zao, waweke njia rahisi ya kujiondoa, na malalamiko yasifikie asilimia 0.3. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumiwe kwa matangazo.

Kupima matokeo

Idadi ya barua zilizofunguliwa si kipimo cha kutegemewa tena, kwani tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha za barua hata kama mpokeaji hajaifungua. Kwa mbanguaji mwenye wateja hamsini, hesabu ya majibu na oda inaeleza zaidi.