Injini ya OM606 katika Mercedes W123: kinachobeba mzigo wa dizeli mpya

Mercedes-Benz W123, gari la familia lililotoka kiwandani kati ya 1976 na 1986 kwa idadi inayokaribia milioni 2.7, lilijengwa kwa bodi na ekseli zilizokusudiwa kudumu, na ndiyo sababu lilitumika sana kama teksi nchini Ujerumani na kuendelea kwa miongo kadhaa kubeba abiria wa kati ya mji na mji nchini Morocco. Palipokuwa pamepungua ni kwenye nguvu. Toleo la 240D, ambalo injini yake ya silinda nne hujulikana kwa jina la OM616, lilifikia nguvu farasi 72 na torki ya nyutoni-mita 137 tu, torki ikiwa ni ule msokoto unaotoka kwenye kranki shafti na ambao dereva huutegemea gari linapopanda mlima likiwa limejaa watu na mizigo. Injini hiyo ikichoka, mwenye gari hulazimika kuchagua kati ya kuifanyia ovaholi na kupandikiza nyingine yenye umri mdogo na uwezo mkubwa zaidi.

Injini ambayo mafundi wa Ulaya, hasa wale wa Sweden na Finland, wameipenda kuliko zote kwa upandikizaji huo ni OM606, yenye silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 2,996 na valvu nne kwa kila silinda. Katika E300 Turbodiesel ya mwishoni mwa miaka ya 1990, ikiwa na turbo, yaani feni inayoendeshwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, ilitoa nguvu farasi 177 na torki ya nyutoni-mita 330, karibu mara mbili na nusu ya ile ya 240D. Nafasi ya kuiweka si tatizo kubwa, kwa kuwa W123 hiyohiyo iliuzwa pia kama 280E yenye injini ya petroli ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na kwa hiyo urefu wa silinda sita ulikwisha kuzingatiwa tangu gari lilipochorwa. Kinachohitaji kupimwa kwa makini ni sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, kwa sababu gari ambamo OM606 hiyo hutolewa lina stelingi ya mfumo tofauti na boksi la stelingi la W123, na sampu isiyolingana huweza kugusana na fito za usukani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini isitafutwe injini mpya zaidi, kama zile za CDI zilizoanza kuuzwa na kampuni hiyo mwaka 1997. Jibu liko katika namna dizeli inavyoingia ndani ya silinda. CDI hutumia bomba moja la pamoja linalotunza dizeli kwa shinikizo lililofika baa 1,350 tangu matoleo ya kwanza, na kila noseli hufunguliwa kwa amri ya kompyuta, hivyo anayeihamisha injini hiyo hulazimika kuhamisha pia kontroli boksi, vihisio vyote na kufuli la kielektroniki linalozuia wizi. OM606 bado ni injini ya chemba ya awali, maana yake dizeli hupuliziwa kwanza ndani ya kijichumba kidogo juu ya silinda, huanza kuwaka humo, kisha moto husambaa kwenye silinda yenyewe, na noseli zake hufunguka kwa baa 100 na ushee tu. Mfumo huo unafanana na ule wa 1HZ ya Land Cruiser, ambayo madereva wa Afrika Mashariki wanaifahamu vizuri. Ni kweli kwamba tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, lakini adui mkubwa wa CDI ni maji na uchafu, na dizeli iliyokaa kwenye pipa huweza kuwa na vyote viwili hata kama ilitoka melini ikiwa safi.

Hata hivyo OM606 ya turbo haikutoka kiwandani bila kompyuta. Pampu yake ya noseli ni ya safu, yaani ina pistoni ndogo sita zilizojipanga, moja kwa kila silinda, na kipimo cha dizeli hupangwa na fito ndefu inayozungusha pistoni hizo kwa pamoja. Ila katika injini hii fito hiyo husogezwa na mota ya umeme inayopokea amri kutoka kontroli boksi, badala ya waya wa pedali na gavana, kile kifaa cha mizani zinazozunguka kinachodhibiti mwendo wa injini. Hapa ndipo ukoo wa injini unapoleta faida. Pampu ya OM603, injini ya silinda sita iliyotangulia katika W124, gari lililoifuata W123, hufungwa mahali palepale, na inaendeshwa kwa gavana na waya bila kuhitaji kompyuta. Fundi akiifunga hiyo, kompyuta nzima ya injini huachwa, na OM606 hubaki na valvu zake 24 huku ikitii pedali ya zamani.

Uchaguzi wa pampu hiyo haupaswi kufanywa kwa haraka, kwani OM603 ilitoka ikiwa na turbo na isiyo na turbo, na pampu za aina hizo mbili hazilingani. Ile ya turbo hubeba juu yake kopo dogo la bati liitwalo ALDA, linalopokea mpira mwembamba kutoka kwenye manifoldi ya hewa. Shinikizo la turbo likipanda, kiwambo kilicho ndani ya kopo hubonyea na kuiruhusu fito iongeze dizeli, na likishuka, dizeli hupunguzwa. Pampu isiyo na kopo hilo hutoa dizeli bila kujua hewa iliyopo, na matokeo yake huwa ama gari zito, ama moshi mweusi unaoongozana na joto linaloumiza pistoni. Baada ya pampu kufungwa, muda wa kupulizia dizeli hupimwa upya, maana meno machache tu ya tofauti kwenye mhimili wake hutosha kuifanya injini igonge au isiwake asubuhi.

Katika W123 kuna jambo moja linalopendeza kulitazama kwa karibu. Gari hili halizimwi kwa kukata umeme, kwa kuwa dizeli ikishawaka haihitaji cheche; nyuma ya swichi ya funguo kuna valvu ndogo ya vakyumu, na dereva anapogeuza funguo kuzima, mvuto wa hewa kutoka pampu ya vakyumu hupita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye pampu ya noseli na kuirudisha fito mahali pasipo na dizeli. Pampu ya OM603 huzimwa kwa njia hiyohiyo. Mpira uleule uliokuwa ukiizima OM616 huunganishwa na pampu hiyo, nayo injini mpya huzimika kwa funguo zilizokuwa za gari tangu mwanzo. Waya zinazobaki ni za stata, chaji, geji na plagi za joto, ambazo rilei yake lazima iwe ya silinda sita.

Sehemu yenye hatari zaidi huanza nyuma ya flaiwili. Giaboksi na klachi za 240D zilitengenezwa kwa torki isiyofika 140, na kuzipa 330 ni kuzihukumu. Giaboksi za W124 zilizofanya kazi na OM603 hufaa zaidi, iwe ya mkono au ile ya otomatiki ya gia nne isiyotegemea kompyuta, ingawa propela shafti hulazimika kubadilishwa urefu. Otomatiki ya gia tano inayokuja na E300 ina ubongo wake wa umeme, na anayeitaka ajue kwamba ameirudisha kompyuta aliyokuwa akiikimbia. Kisha difu. Katika 240D propela shafti huzunguka mara 3.69 ili gurudumu lizunguke mara moja, hivyo kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa injini hukimbia kwa mizunguko kama 3,200 kwa dakika. Uwiano wa 3.07, uliotumika katika W123 zenye turbo, huishusha hadi kama 2,700, na OM606 inavuta kwa nguvu zake zote chini ya hapo. Kuliacha difu la zamani ni kulipia injini kubwa na kuendelea kusikia kelele na kuchoma mafuta ya injini ndogo.

Upozaji nao hautaki mzaha. Silinda hedi ya OM616 ni ya chuma cha kusubu na huvumilia joto la kupita kiasi kuliko ile ya OM606, ambayo ni ya aluminiamu na hupinda au kupasuka ikichemka, kwa hiyo rejeta ya 240D haina budi kuondolewa na kuwekwa kubwa yenye feni inayotosha, pamoja na kipoza hewa ya turbo mbele yake. Springi za mbele na breki hufuata kanuni hiyohiyo: gari lililokuwa likihangaika kufika kilomita 130 kwa saa sasa litazipita kwa urahisi, likiwa na watoto kiti cha nyuma.

Anayenunua OM606 iliyotumika, hasa ikiwa nozikati, yaani sehemu ya mbele ya gari iliyokatwa pamoja na injini yake, kama zinavyopatikana Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, aanze kwa kukagua vitu viwili. Plagi za joto hung'ang'ania ndani ya hedi na hukatika zinapofunguliwa kwa nguvu, na kutoa kipande kilichobaki kwaweza kuhitaji hedi kushushwa. Ni heri zifunguliwe injini ikiwa ya moto. Mabomba ya dizeli ya shinikizo dogo katika injini hii ni ya plastiki angavu, na oringi zake zikikauka huvuta hewa, jambo linaloonekana kwa macho kama mapovu yanayopita kwenye bomba wakati injini inawaka, na ambalo wengi hulidhania kuwa ni pampu mbovu.

Kazi ikikamilika, kadi ya gari lazima irekebishwe kabla gari halijarudi barabarani na kabla bima haijahitajika. Namba ya injini ya 240D huanza na 616 na ile ya E300 Turbodiesel huanza na 606, hivyo mkaguzi, polisi au mtathmini wa bima akifungua boneti ataiona tofauti hiyo mara moja.