Ekzosi Mpya kwa Pikapu: Kabla ya Kukubali Bomba la Inchi 3

Hilux ya dizeli yenye silinda 4, injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hutema moshi mara 4,000 katika dakika hiyo, yaani karibu mara 67 kila sekunde. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, silinda 6, kwa mzunguko huohuo hufikia mara 100 kwa sekunde. Moshi wote huo, ukiwa na joto kali, hupita kwenye bomba moja linaloanzia kwenye manifoldi, likaruka ekseli ya nyuma na kuishia mwisho wa bodi. Bomba likioza, mwenye gari huenda Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, na mara nyingi swali la kwanza analokutana nalo ni hili: tuweke ya kawaida, au tukupe ya inchi 3 inayounguruma?

Swali la kwanza lilipaswa kuwa jingine: injini hiyo ina tabo au haina?

Kwenye injini yenye tabo, kama 1KD ya lita 3.0 iliyofungwa kwenye Hilux nyingi za kati ya 2005 na 2015, au 1GD ya lita 2.8 iliyofuata, moshi ndio unaozungusha feni ya tabo. Mgandamizo ukipungua upande wa kutokea, feni huzunguka kwa wepesi na kuanza mapema kusukuma hewa kwenye silinda. Hapa bomba pana lina faida ya kweli, hasa kipande cha kwanza kinachotoka kwenye tabo, ambacho kiwandani hubanwa ili kipate njia kati ya injini na ukuta wa kabini. Dereva anayepanda mlima Kitonga na mzigo wa tani moja ataiona tofauti kwenye mizunguko ya chini, na joto la moshi nalo litashuka kidogo. Ila asitarajie miujiza. Kontrol boksi itaendelea kupima mafuta kama ilivyopangwa kiwandani, na isipopangwa upya, nguvu inayoongezeka ni ndogo.

1HZ ya lita 4.2 ni habari nyingine. Injini hii, inayoendesha magari ya hifadhi, ya migodi na ya mashirika ya misaada kuanzia Arusha hadi Goma, haina tabo. Vivyo hivyo 2TR ya petroli, lita 2.7, iliyo kwenye Hilux nyingi. Kwenye injini za aina hii moshi unapokimbia bombani huacha nyuma yake mvuto, na mvuto huo husaidia kutoa mabaki kwenye silinda inayofuata. Bomba likipanuliwa kupita kiasi, moshi hupunguza mwendo, hupoa, na mvuto hufifia. Mafundi husema injini “inataka presha ya nyuma”, na usemi huo umewapotosha wateja wengi. Hakuna injini inayofaidika na presha ya nyuma; inayofaidisha ni kasi ya moshi. Isisahaulike pia kwamba tundu la bomba la inchi 3 lina eneo mara 2.25 ya lile la inchi 2. Kwa 1HZ inayobeba mizigo ya kawaida, inchi 2.5 inatosha.

Sailensa nazo ziko za aina mbili kubwa. Ya vyumba huusukuma moshi uzunguke kwenye kuta za ndani mpaka mawimbi ya sauti yauane yenyewe. Wazo hilo la kunyamazisha injini ni la zamani, kwani ndugu wawili wa familia ya Reeves, kutoka jimbo la Indiana, Marekani, walipata hataza ya sailensa mwaka 1897. Aina ya pili ni ya moja kwa moja: bomba lenye matundu madogo limezungushiwa pamba ya kioo, nayo humeza makali ya sauti bila kuuzuia moshi. Hupitisha vizuri zaidi, lakini pamba yake huungua na kupungua mwaka hadi mwaka, na kelele huongezeka. Tatizo ambalo mnunuzi halisikii akiwa gereji ni mvumo. Kwenye dabo kabini ya silinda 4, zile mara 67 kwa sekunde huweza kulingana na mtetemo wa hewa ndani ya kabini, na anayetoka Dar es Salaam kichwa kikaanza kumuuma kabla ya kufika Chalinze. Sailensa ijaribiwe barabara kuu, kwa mwendo wa safari, kabla ya malipo ya mwisho. Kanuni za kudhibiti kelele zipo Kenya tangu 2009 na Tanzania tangu 2015, na majirani wanaoamshwa alfajiri wana haki zao.

Kuna biashara moja ya kukemewa bila kumung’unya maneno, nayo ni ya kung’oa masega, yaani kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yanayogeuza sumu za moshi ziwe gesi zenye madhara madogo zaidi. Mwaka 2021 rodiamu ilivuka dola 25,000 kwa aunsi. Fundi anaposema masega yameziba na kwamba yuko tayari kuyatoa na kuweka bomba bure, huenda mlipaji ni mteja bila kujijua. Kuziba hupimwa: kwenye gari la petroli, sensa ya oksijeni ya mbele huchomolewa, geji ya presha hufungwa mahali pake, na injini hupandishwa hadi mizunguko 2,500. Presha ikipita paundi 3 hivi kwa inchi ya mraba, kweli kuna kizuizi. Kama hakuna geji, hakuna ushahidi. Vichujio vya masizi vya dizeli za karibuni navyo hutobolewa kwa kisingizio kwamba mafuta yetu ni machafu, ilhali Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilikubaliana kushusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015.

Baada ya injini, kinachofuata ni chuma chenyewe. Lita moja ya mafuta ikiungua huzalisha karibu lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke. Gari la safari ndefu huupuliza wote nje. Gari linalozunguka mjini dakika kumi kumi halipati joto la kutosha. Mvuke hugeuka maji ndani ya sailensa na kuila kutoka ndani, huku nje rangi ingali inang’aa. Pwani huongeza chumvi ya hewani, na pikapu inayobeba samaki kutoka soko la Feri jijini Dar es Salaam hudondoshewa maji ya barafu yenye chumvi juu ya bomba la moto. Gari kama hilo linastahili chuma cha pua. Daraja la 304 lina kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8. La 409 lina kromiamu asilimia 11 hivi, ni rahisi zaidi, na huota kutu ya juujuu bila kutoboka haraka. Mnunuzi aende na sumaku: 304 kwa kawaida haishikwi, ila kidogo kwenye kona zilizokunjwa. Mauzo ya “304” inayonasa sumaku mwili mzima yaishie hapohapo.

Kona zitazamwe pia. Bomba lililokunjwa kwa kubonyezwa hubapa kwenye kona, na inchi 3 zilizolipiwa zikawa pungufu pale zinapohitajika. Mashine yenye kiini kinachoingia ndani huacha tundu likiwa duara. Fundi asiye nayo anaweza kujaza mchanga mkavu, akaziba ncha na kupasha moto, au akaunga vipande kwa kuchomelea. Kazi safi hupatikana kwa njia zote. Asichopaswa kugusa ni bomba la maji la mabati, maana zinki yake ikiunguzwa hutoa moshi mweupe unaomletea mchomeleaji homa na baridi usiku uleule.

Sasa kufunga, ambako ndiko kazi nzuri hujulikana. Ekseli ya pikapu yenye mzigo hupanda kuelekea chasi, hivyo bomba lililopimwa gari likiwa limening’inizwa kwa jeki hudanganya. Gari lishushwe likae kwenye magurudumu yake. Kisha ipimwe nafasi kati ya ekseli na ile raba inayoizuia isigonge chasi. Sehemu ya bomba inayopita juu ya ekseli iachiwe nafasi kubwa kuliko hiyo. Pungufu yake, shimo la kwanza litalipinda. Lisipite karibu na paipu za breki, tangi wala tairi la akiba. Injini hutikisika juu ya mauntini zake, kwa hiyo bomba lote lining’inie kwenye raba, na fleksibo, kile kipande kinachonyumbulika, iwepo mbele. Bomba lililochomelewa moja kwa moja kwenye chasi hupasua manifoldi. Vipande vyote vifungwe kwa kulegea kwanza, vinyooshwe, halafu vikazwe kuanzia mbele kurudi nyuma, na gasketi mpya. Kabla ya kuchomelea, betri ifunguliwe na waya wa athi ubanwe karibu na kinachochomelewa, ili umeme usipite kwenye kontrol boksi.

Mwisho wa bomba ni suala la uhai. Huku kwetu watu hupanda nyuma: vibarua, wanafunzi, waombolezaji, mama na mtoto mgongoni. Bomba lililokatwa fupi na kuishia chini ya bodi hupandisha moshi kwenye nyufa za sakafu, na pikapu yenye kibanda nyuma huuvuta ndani inapokwenda. Kaboni monoksidi haina harufu, na hung’ang’ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dizeli hutoa kidogo kuliko petroli, lakini mwaka 2012 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Bomba lipite ukingo wa bodi na lielekee nje. Kuokoa nusu mita ya chuma hapo ni ukatili.

Kwa magari ya porini, vikinga joto vilivyo kati ya bomba na bodi virudishwe vyote. Nyasi kavu zikikusanyika juu ya masega au kichujio, kinachofikia nyuzi 600 kinapojisafisha, moto huanza chini ya gari na dereva huwa wa mwisho kujua.

Baada ya kilomita mia moja hivi gari lirudi gereji likiwa limepoa, kwa sababu joto hulegeza nati za jointi mpya. Injini iwashwe, fundi azibe ncha ya bomba kwa kitambaa kwa sekunde chache, na msaidizi wake asikilize chini kama kuna mluzi. Masizi meusi kwenye jointi yanaonyesha penye kuvuja. Kwenye gari la petroli, uvujaji ulio kabla ya sensa ya oksijeni huingiza hewa, kompyuta hudhani mafuta hayatoshi na kuyaongeza, na ekzosi mpya huonekana inakula mafuta. Kukaza huku kwa pili ni sehemu ya kazi ileile, na bei yake ikubaliwe tangu siku ya kwanza.